Digrii Kumi na Mbili

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mwanzo kabisa ili asije mtu akasikiliza mpaka katikati akimtafuta mwingine wa kumlaumu. Mimi Hisano, mwanamke ambaye rasi nzima ya Atsumi inamjua kwa kutokosea, nilimharibia mdogo wangu maua yake ya mwisho, kisha nikanyamaza, lawama akabeba yeye. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeingia mwaka wa kumi na bado naitembea.

Mdogo wangu ni Kiyoharu, mimi namwita Kiyo. Baba alituachia mabanda matatu ya kioo hapa Tahara na namba yake katika kikundi cha wakulima wa maua, kumi na tisa, ile inayogongwa mhuri kwenye kila boksi. Mimi nilikuwa nimeolewa Hamamatsu, nikaachika, nikarudi nyumbani na masanduku mawili na ulimi mbaya kuliko ule nilioondoka nao. Kiyo hakuniuliza lolote. Alinifagilia chumba, akasema, "Dada, hita ni yako, mimi na ile mashine hatuelewani." Tangu siku hiyo taa zilikuwa zake na joto lilikuwa langu. Mkewe, Nobue, alikuwa akifunga maboksi, na alikuwa akinivumilia, jambo ambalo si dogo.

Asiyeijua kazi hii hudhani maua huchanua yanapojisikia. Thubutu. Krisanthemamu ni mmea unaohesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu, mmea unaacha kurefuka na kuanza kufunga tumba. Sasa sisi tunauza maua ya makaburini na ya misibani, na maiti hawangoji majira, kwa hiyo mmea tunaudanganya. Tunawasha taa katikati ya giza kwa muda wa saa nne, nao unadhani bado ni kiangazi, unaendelea kupanda juu. Ukishafika urefu wa kuuzika tunazima. Giza linakuwa refu, matumba yanaanza, na siku hamsini baadaye unakata. Ukitaka maua ya Higan ya Machi, watu wanapokwenda kuosha makaburi ya wazee wao, unazima kwenye ishirini na kitu Januari. Ukichelewa wiki moja umechelewa mwaka mzima.

Kuna hatua moja hapo katikati inayotenganisha mkulima na mpiga debe. Taa zikishazimwa, kama siku ya kumi na mbili hivi unaziwasha tena usiku nne tu, halafu unazima moja kwa moja. Usipofanya hivyo ua linatoka na upara katikati. Ukiwahi kuwasha, mmea unarudi kwenye majani na tumba linadumaa. Ukichelewa, hufaidiki kitu. Siku yenyewe haiko kwenye kalenda. Unakata ncha ya shina, unamenya vijani kwa sindano kimoja kimoja mpaka ufikie kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi, unakitazama kwa kioo cha kukuzia. Kikianza kuvimba namna fulani, ndiyo siku yenyewe. Katika kikundi chetu chenye watu arobaini hakukuwa na jicho kama la Kiyo. Hata waliomchukia walimletea ncha zao awaangalizie.

Waliomchukia walikuwepo, na walikuwa na sababu. Kiyo alikuwa mlevi. Mwaka mmoja kimbunga kilikata umeme, saa ya kuwashia taa ikapoteza majira, yeye akalala na chupa wiki nzima bila kuirekebisha. Mimea ikafunga matumba ikiwa bado iko magotini. Nani anaweka kaburini ua lenye shina la kibeti? Mwaka uliofuata akakosa tena. Mwenyekiti wetu, mzee Suganuma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja akakaa kibarazani akakataa hata chai.

"Kiyoharu," akasema, "tunaahidi soko kwa pamoja, tunaaibika kwa pamoja. Ukikosa Higan hii, namba ya baba yako tunaifuta. Sitarudi kukubembeleza."

Kiyo akaacha pombe. Sikuamini. Nilimnusa kila asubuhi kama mbwa wa forodha, naye akawa ananiletea mdomo mwenyewe, "Nusa, dada, nusa uridhike." Vuli ikapita, Desemba ikapita, mwaka mpya watu wakanywa mbele yake na yeye akanywa chai ya shayiri. Alitaka kitu kimoja tu duniani: boksi lenye namba kumi na tisa lipakiwe lori la Machi, na Suganuma aligonge mhuri kwa mkono wake. Alikuwa akilisema hilo waziwazi hata mezani, mpaka Nobue akawa anacheka.

Siku ya kumi na mbili baada ya kuzima, aliniita bandani asubuhi. Alikuwa amemenya ncha ishirini na kuzipanga juu ya ubao.

"Njoo uone, dada."

"Nione nini? Macho yangu yanashindwa hata tundu la sindano."

"Wewe tazama tu. Zote sawa. Ishirini kwa ishirini." Mikono ilikuwa haitetemeki, nami niliitazama mikono kuliko hizo ncha. "Leo ndiyo leo. Kesho tungekuwa tumechelewa."

"Una hakika?"

"Sijawahi kuwa na hakika hivi tangu nizaliwe."

Nikamwambia asijisifu, atawasha taa kisha atajikwaa kwenye waya. Lakini nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaenda kujificha nyuma ya tangi la mafuta ya hita ili asinione.

Na hapo kwenye tangi ndipo mambo yalipoharibika. Ulikuwa mwaka ule mafuta yalipopanda bei kila wiki, na gari la kuleta mafuta lilikuwa linachelewa. Nikapima kwa ufito: kwa digrii kumi na nane kila usiku, tangi lingekauka kabla ya mwisho wa Februari. Baba enzi zake alikuwa na mbinu. Akishawasha taa za mara ya pili, alikuwa anashusha joto mpaka kumi na mbili, na ua lake lilikuwa linatoka gumu, nene, la kudumu siku ishirini kwenye chombo. Nilikua nikiiona mbinu hiyo. Nilijivunia kuijua. Ila baba alikuwa analima aina ya zamani, na sisi tulikuwa tumeshahamia aina mpya ambayo kikundi kizima kilikuwa kikiilima miaka sita. Kiyo alikuwa ameniambia kumi na nane, nami nilikuwa nafuata, huku nikiguna kwamba mmea huu unadekezwa kama mtoto wa tajiri.

Nikashusha. Digrii kumi na mbili, usiku nane, kuanzia siku ya kumi na tatu. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nikimwambia atahangaika, na mtu anayehangaika hutafuta chupa. Huo ulikuwa wema wa mdomoni. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa dada mkubwa na sikuwa na desturi ya kumwomba mtu ruhusa kuhusu mashine yangu.

Mafuta yalikuja, nikarudisha kumi na nane, nikasahau.

Mwanzoni mwa Machi, kwa Suganuma matumba yalikuwa yameshaonyesha weupe. Ya kwetu yalikuwa ya kijani, magumu kama njegere mbichi. Kiyo akasema ni siku mbili tatu tu. Siku tatu zikapita. Akawa anaingia bandani alfajiri na kutoka jioni, anagusa tumba moja moja kwa kidole gumba, safu kwa safu, kama anayesalimia watu. Hakula. Nobue akamfuata na wali bandani, akarudi nao. Mimi nilielewa siku ya pili. Nilisimama mbele ya kile kipimajoto cha ukutani nikakumbuka kumi na mbili yangu. Nikaenda nikaichukua karatasi ile ya mashine inayochora joto la kila usiku, nikaichana vipande, nikavitia jikoni chini ya birika.

Suganuma alikuja tarehe tisa. Hakuja kwa shari, nasema haki yake. Alivunja shina moja, akalipasua kwa kisu, akaonyesha vijani vidogo vilivyootea chini kabisa ya tumba, mahali ambapo hapapaswi kuwa na jani.

"Mmea umerudi kwenye majani," akasema. "Taa uliwahi kuwasha."

"Sikuwahi," Kiyo akasema.

"Sasa hivi vijani vimetoka wapi?"

"Nilimenya ishirini, mzee. Zote zilikuwa tayari."

"Ulizimenya ukiwa mzima?"

Nobue akasema kwa sauti ndogo, "Hajanywa, mzee, mimi nalala naye." Suganuma akainamisha kichwa kumwomba radhi Nobue, kisha akanigeukia mimi. Wote watatu wakanigeukia.

"Hisano, joto je?"

Nilikuwa na muda. Watu husema neno liliwatoka ghafla. Mimi halikunitoka ghafla, mzee Suganuma alikohoa katikati na nikamsubiri amalize. Niliona namba ikifutwa. Niliona pia jina langu. Nikafikiri, Kiyo keshakosea mara mbili, watu wameshamzoea, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Kumi na nane," nikasema. "Hapakuwa na usiku hata mmoja ulioshuka."

Kiyo akaitikia kwa kichwa. "Basi si joto," akamwambia Suganuma. "Dada hakosei kwenye hita." Na alilisema kwa kunitetea, mjinga yule, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nashtakiwa. Akachukua lile shina lililopasuliwa, akalitazama muda mrefu. "Niliona vibaya," akasema.

Namba hawakuhitaji kuifuta. Alikwenda mwenyewe kesho yake akaikabidhi.

Maua yalichanua wiki ya pili ya Aprili, yote kwa mpigo, Higan imeshapita na makaburi yameshasahauliwa. Sijapata kuona maua meupe kama yale. Yalikuwa makubwa, yamejaa mpaka katikati, wala hapakuwa na upara hata kwenye moja. Taa zake zilikuwa zimefanya kazi yake sawasawa, na mtu yeyote mwenye akili angetazama ujazo ule akajiuliza. Hakuna aliyekuja kutazama. Nobue alitaka kuyauza barabarani kwa wapita njia, Kiyo akakataa. Akawasha trekta dogo la kusagia, akaingia nalo safu ya kwanza. Alisaga mabanda yote matatu peke yake, siku mbili, na alipomaliza viatu vyake vilikuwa vyeupe mpaka vifundoni. Nilikuwa mlangoni.

Na pombe hakugusa. Hilo lilinichoma kuliko yote. Angekunywa ningepata cha kumgombeza.

Alihamia Toyohashi na Nobue, akapata kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, kazi ya kubeba masanduku kutoka mstari huu kwenda ule. Mabanda tukamkodishia mkulima wa nyanya. Mimi nikabaki hapa, nafunga maua ya Suganuma kwa ujira wa siku, na wanawake wenzangu wakawa wananiuliza habari za hita kwa kuwa mimi ndiye nisiyekosea.

Baada ya miaka miwili jirani mwingine aliharibikiwa vilevile. Safari hii kikundi kilimwita mtaalamu, tukakaa ukumbini, akatueleza kwa michoro: aina hii, wiki tatu za mwanzo baada ya kuzima taa, isishuke chini ya kumi na sita, ikishuka tumba linalala na majani yanaota chini yake. Ukiona vijani, akasema, msikimbilie kulaumu taa, ulizeni kwanza joto. Suganuma akaandika kwenye daftari lake. Watu arobaini ukumbini, wakakuna vichwa, wakanywa chai, na hakuna hata mmoja aliyesema: kumbe Kiyoharu. Nilisubiri mtu aliseme. Ningemshukuru. Nikaenda nyumbani na nikala vizuri, hilo nalo nikiri, nikala na nikalala.

Kilichonitoa mafichoni ni simu ya Nobue, vuli iliyopita.

"Wifi, huyu mdogo wako atanitia wazimu," akasema. "Msimamizi anataka kumpandisha, awe mkaguzi. Akae kwenye kiti, atazame vipuri, atoe vibovu. Miaka yote hii mgongo umemwisha kwa masanduku, wanampa kiti, anakataa. Hii ni mara ya tatu."

"Anakataa kwa nini?"

"Anasema macho yake hayafai. Nimempeleka kwa daktari wa macho, daktari kasema ana macho ya kijana. Haamini. Wifi, mwanamume mzima akifika kwenye taa za barabarani ananiuliza mimi kama ni kijani."

Jumapili nikapanda treni. Nilikuwa nimeamua. Nilijipanga njia nzima: nitasema, atanitukana, atanipiga akitaka, kisha macho yake yatamrudia na Jumatatu atakikalia kile kiti. Nilikuwa tayari kuchukiwa. Nilidhani hiyo ndiyo bei yote.

Nobue alitupakulia supu ya kombe na wali, akatuacha, akaenda dukani. Kiyo alikuwa amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe kabla ya zangu.

"Kiyo," nikasema. "Mwaka ule hita niliishusha."

Akaendelea kula. "Mwaka upi?"

"Unaujua. Mafuta yalikuwa yanaisha. Nilishusha kumi na mbili, usiku nane. Suganuma aliponiuliza nilimdanganya."

Akaweka vijiti chini, taratibu, sambamba. Mkulima hafi ndani ya mtu. "Kuanzia siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu."

Nikamwona anahesabu. Vidole vilicheza juu ya meza, kumi na tatu, kumi na nne, mpaka ishirini, na hesabu ikamtoka sawa, niliiona usoni. Kwa kitambo kidogo alikuwa yule wa bandani mwenye ncha zake ishirini.

"Basi niliona sawasawa," akasema.

"Uliona sawasawa. Ishirini kwa ishirini. Kosa ni langu lote, na jicho lako halijawahi kuwa na kasoro. Nikanyamaza kwa sababu mimi ni mwoga. Nipige ukitaka."

Hakunipiga. Uso ukaanza kumlegea, kuanzia mdomoni. Akatazama kile chumba, kabati la bati, jaketi la kiwandani lililoning'inia mlangoni, kama mtu aliyeletwa hapo dakika ile na hajui ni kwa nani.

"Maua yale niliyasaga mwenyewe," akasema. "Yalikuwa mazuri, nikayasaga. Namba ya baba nikaipeleka mwenyewe kwa miguu yangu, hakuna aliyenituma. Miaka tisa, dada. Kila nikitamani pombe najiambia, usinywe, uliona vibaya, mtu anayeona vibaya hana ruhusa ya kunywa. Kila siku. Hivyo ndivyo nimeishi." Akanikamata kifundo cha mkono. "Kama sikukosea, hii yote ilikuwa ya nini?"

"Kiyo, utaanza upya. Una miaka hamsini na nane tu."

"Sema umedanganya."

"Sijadanganya."

"Nobue alikupigia simu. Ukanionea huruma, ukaja na uongo wa kunifariji. Sema hivyo." Alikuwa ananibana mpaka mfupa unauma. "Nakuomba, dada. Sijawahi kukuomba kitu. Mimi kesho naamka saa kumi na moja, nawahi basi. Sema ili niweze kuamka."

Nimewajibu watu wakubwa maishani mwangu. Nimemjibu mama mkwe, nimemjibu hakimu aliyenipa talaka. Mdogo wangu nikamjibu kama alivyoomba.

"Nimedanganya," nikasema. "Nobue alinipigia, nikaona nije nikufariji."

"Hita hukuishusha."

"Sikuishusha."

Akashusha pumzi, akaniachia mkono. Akavuta bakuli lake. Akasema uongo wangu haukuwa mbaya, ila ningejua vizuri mambo ya taa ningeutunga vizuri zaidi. Akala supu mpaka ikaisha. Nobue aliporudi alituuliza tulikuwa tunaongea nini, akamwambia dada alikuwa anamtania.

Jumatano Nobue akanipigia. Msimamizi alikuwa amemwita Kiyo ofisini kwa mara ya nne, akamwonyesha kile kiti. Kiyo akamshukuru, akamwambia mpeni mtu mwingine, mimi siamini ninachokiona, akarudi kwenye masanduku.